Kumchagulia Mwita Mashine ya Saa

Nimestaafu kwa sababu ya mkono wa kulia. Umeanza kutikisika wenyewe, hasa asubuhi. Kwa mvaaji wa saa ya otomatiki hiyo ni neema, maana saa yake haitasimama mpaka azikwe. Kwa fundi anayeshika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, ndio mwisho wa kazi. Nimewaachia meza ninyi wawili, na juzi mlipokuja kunisalimia mkaniuliza: mteja akitaka mashine ya kuzungushia saa, tumchagulie ipi? Nilicheka mpaka chai ikamwagika, mkadhani nawacheka ninyi. Nilikuwa nimemkumbuka Mzee Mwita wa Nyamwaga. Habari zake nitawaeleza, lakini kwa kuwa sina haraka tena nitaanzia mbali, nanyi mtanivumilia kama nilivyowavumilia mkipoteza vibano vyangu.

Kazi nilifundishwa na Mzee Odero, mtu wa Shirati, aliyekuwa na meza yenye kioo kwenye baraza la duka la vitambaa karibu na soko la Tarime. Nilikuwa msichana niliyetoka kumaliza shule ya msingi, nimetumwa kuchukua saa ya baba. Nikasimama pale nikiuliza hiki ni nini na kile ni cha nini, mpaka akasema maswali yangu yanamchelewesha, afadhali niwe nauliza huku nafagia. Siku ya kwanza sikugusa saa. Alidondosha skrubu moja sakafuni, makusudi, akaniambia niitafute. Niliipata baada ya chakula cha mchana, ndani ya ufa, nikiwa nimeokota pia vifungo, sindano na jino la mtu. Akasema hiyo ndiyo nusu ya ufundi, na nusu ya pili ni kutoidondosha.

Vifaa vyake mnavijua, kwa sababu ndivyo hivyo mnavyotumia: lenzi ya jichoni, kibano, bisibisi ndogo, brashi laini, kipulizio cha mpira na kikopo cha petroli ya kusafishia. Lakini yeye hakuanza na kifaa chochote. Alianza na mkanda. Saa ikiletwa aliugeuza mkanda, akaunusa, akauchungulia kwenye mishono na matundu, ndipo aulize tatizo ni nini. Mkanda wa dereva hupauka upande mmoja kwa jua la dirishani. Wa mwalimu huwa na chaki. Wa mtu anayeapa kwamba saa yake haijawahi kuingia majini huwa na mchanga wa mto. Nilidhani ni ushirikina wa Shirati, mpaka nilipoanza kuona mwenyewe.

Alipozeeka akarudi kwao, nikabaki na meza. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba watu wa kwetu walikuwa tayari kumwamini mwanamke na ng'ombe, mashamba na watoto, ila si saa. Mteja anakuja, anauliza, "Fundi yupo?" Namwambia yupo. Anaangalia chini ya meza. Namwambia anaongea naye. Anasema basi, atarudi fundi akija. Wengine walirudi hivyo mara tatu. Mwishoni walichoka wao, si mimi, wakaanza kuniita Mama Saa, na walioniita hivyo kwa kejeli ndio waliokuja baadaye kuniletea saa za baba zao.

Kisha ikaja miaka ya betri, ambayo sina la kuieleza. Unafungua, unatoa, unaweka, unafunga. Kisha zikaja simu, kila mtu akawa na saa mfukoni, na mikutano ikaendelea kuchelewa kama kawaida. Nilidhani nitamalizia maisha kwenye mikanda na vioo. Lakini fedha za dhahabu na za mnada wa ng'ombe zikaanza kutafuta pa kukaa, na baadhi zikakaa mikononi mwa wazee. Watoto walioko Mwanza na Dar es Salaam nao wakaanza kuwatumia baba zao saa za otomatiki, nzito, zenye mgongo wa kioo unaoonyesha utumbo wote.

Ninyi mnajua inavyofanya kazi, ila mteja hajui, kwa hiyo jifunzeni kumweleza. Haina betri. Ndani kuna chuma kizito chenye umbo la nusu kisahani, na mkono ukitikisika chuma kinazunguka na kukaza springi. Mtu akifanya kazi, saa inaishi. Mtu akikaa, saa inakaa naye, na kufika kesho yake imekata roho. Sasa fikirini wenyewe ni nani hasa anayetumiwa saa ya namna hii katika wilaya zetu. Ni mzee ambaye amefanikiwa, na kwetu mtu akishafanikiwa jambo la kwanza analoacha ni kutikisa mkono.

Basi wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mmoja na saa nzima kabisa, akidai imekufa. Nilipowaeleza kwamba inataka kutikiswa, walitafuta njia za kuitikisa pasipo wao wenyewe kutikisika. Mwenye nyumba ya kulala wageni aliifunga kwenye pangaboi. Iliruka ikaenda kutua kwenye picha yake ya harusi, upande wa bibi harusi. Mwingine wa Nyansurura aliifunga shingoni mwa dume, wazo ambalo kwa kweli halikuwa baya, kwa sababu dume hutembea kutwa nzima. Ila alimpeleka mnadani akasahau kuifungua. Aliyenunua akaja kwangu kuniuliza, kwa wasiwasi, dume anayeuzwa pamoja na saa huwa na kasoro gani.

Ndipo wakasikia kuna mashine. Kisanduku chenye kamto kadogo ka kufungia saa ndani na mota inayokazungusha. Na hapa niwajibu swali lenu, nisije nikaonekana nimewazungusha ninyi. Kwanza fungueni saa mjue inajaza ikizungukia upande gani, maana nyingine hujaza kulia tu, nyingine kushoto tu, nyingine kotekote. Mashine inayozungusha upande mmoja tu ikikutana na saa ya upande wa pili, zitazungushana mwaka mzima bila faida, na nawajua watu walioishi hivyo. Pili, iwe inazunguka kidogo na kupumzika. Inayozunguka mfululizo inachosha springi bure. Tatu, mota iwe imezibwa vizuri, vinginevyo sumaku yake itaingia kwenye saa na saa itaanza kukimbia. Nne, isikilizeni mkiwa kimya, kwa sababu inayonguruma kidogo dukani itanguruma sana chumbani. Na tano, muulizeni mteja kama ana umeme. Mtashangaa ni wangapi hawajafikiria hilo.

Mzee Mwita hakuwa mteja wangu wa mashine. Alikuwa kinyume chake. Alifanya biashara ya ng'ombe ujana wake wote, akajenga, akakaa. Akawa mnene wa starehe. Saa alitumiwa na mwanawe mkubwa, Chacha, na katika wazee wote wa rika lake ndiye pekee ambaye saa yake haikusimama. Alikuja kwangu kuisafisha tu, na kila alipokuja alipitia kwanza kwa wenzake wanaolalamika ili waione inatembea. Maelezo yake yalikuwa ya damu. "Saa inakula damu," alisema. "Mwenye damu nzito itamfia. Mimi damu yangu inakimbia." Wenzake walimwamini, na mmoja akaanza kunywa maji ya moto asubuhi ili damu yake nayo ikimbie.

Kisha siku moja akaja bila kupitia kwa mtu. Akakaa kwenye stuli, akavua saa, akaiweka juu ya meza kana kwamba ananikabidhi maiti. Ilikuwa imesimama. Amekuwa akiitikisa kwa siri wiki nyingi, inatembea kidogo, inasimama tena. Nikafungua, nikaangalia kila kitu kwa lenzi, sikuona ugonjwa. Nikarudi kwenye mkanda, mahali ambapo nilipaswa kuanzia.

Mkanda wa ngozi ulikuwa na matundu ya kiwandani, na tundu la Mwita lilikuwa la mwisho kabisa nje, kwa unene wake. Lilikuwa zima, karibu jipya. Lakini upande wa ndani kabisa, mbali na matundu mengine, palikuwa na tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto. Hilo lilikuwa limelika, limepanuka, ngozi imeng'aa kwa kufungwa na kufunguliwa. Ni tundu la mkono mwembamba. Na kwenye mishono palikuwa na udongo mwekundu wa shambani, na maziwa yaliyokauka, na harufu ya samli. Mzee Mwita hakuwa ameshika jembe tangu Chacha anyolewe nywele za kwanza.

Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema nzuri. Nikamuuliza mama Chacha hajambo. Akasema Bhoke ameenda kwao Nyanungu, kwa kaka yake, kupumzika kidogo. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu palizi, na palizi ilikuwa imepita zamani, mahindi ya watu yalikuwa yanaanza kukauka. Nikamgeuzia mkanda, nikamwonyesha lile tundu. Aliliangalia kwa muda mrefu. Halafu akasema ni panya.

Baadaye Bhoke mwenyewe alinieleza ilivyokuwa. Saa ilipoletwa, mumewe aliivaa akienda kwenye vikao tu, na nyumbani aliitundika msumarini isichafuke. Mara ya kwanza iliposimama, kabla wenzake hawajajua, alinuna kutwa, akauliza nani ameigusa, akataka kila mtu wa mji ule aapishwe. Bhoke akaona ugomvi wa namna hiyo hauna mwisho. Alikuwa amegundua kwamba ukiitikisa inaamka. Basi mume akitoka au akilala mchana, yeye anaivaa, anaenda nayo shambani, anasukasuka nayo kibuyu cha maziwa, kisha anaifuta kwa khanga na kuirudisha msumarini. Kwa hiyo damu iliyokuwa ikikimbia ni ya Bhoke.

Sasa Mwita alitaka mashine. Nikamuuliza anataka ya namna gani, maana zipo nyingi.

"Ifanye kazi mchana kutwa," akasema. "Lakini usiku nisiisikie."

"Zipo za hivyo."

"Isitegemee umeme. Umeme wa Nyamwaga ni mgeni, unakuja bila taarifa na kuondoka bila kuaga."

"Hiyo ni ngumu kidogo."

"Na nikishainunua isinidai kitu kingine. Sitaki mambo ya leo inataka hiki, kesho inataka kile."

Nilishindwa kujizuia. Nikamwambia mashine ya namna hiyo ameshawahi kuwa nayo, na kwamba iko Nyanungu. Akaniuliza kwa makini kama Nyanungu siku hizi kuna duka la saa. Nikamwambia hapana, Mzee Mwita, nazungumzia tundu la mkanda. Akavaa saa iliyokufa, akasimama, na alipofika kwenye ngazi ya baraza akageuka, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Nyumba imekuwa baridi, Mama Saa." Nilimhurumia. Nasema hivyo wazi kwa sababu mtadhani nilikuwa namcheka tu.

Ila huruma haikumzuia kwenda Sirari. Huko kuna kijana wa ng'ambo ya mpaka anayeuza kila kitu kinachong'aa, akamuuzia kisanduku chekundu chenye dirisha la kioo na taa ya bluu ndani. Nilimuuliza yule kijana kwa simu kimetengenezwa wapi. "Mathe, hii ni ya Uswisi," akasema, "ila ilipitia China kidogo." Kilizungusha kulia tu, na saa ya Mwita hujaza kushoto. Nikafungua, nikageuza nyaya za mota. Kisha sumaku ikaingia kwenye saa, ikawa inakimbia kuliko jua, nikaitoa sumaku na kukazibia kamota kwa bati. Umeme ukakatika, akanunua betri ya pikipiki. Hapo sasa ikafanya kazi.

Nyamwaga walikuja kuitazama. Walikaa sebuleni kwa Mwita kama watu wanaotazama mpira, saa ikizunguka, inasimama, inazunguka. Shida ilikuwa moja. Akiivaa, inasimama kesho yake. Kwa hiyo hakuivaa tena. Akiulizwa saa ngapi, alisema ngoja, akaingia ndani kuangalia, akatoka kujibu. Kwenye vikao alienda na kisanduku kwapani na betri imefungwa nyuma ya bodaboda. Mtu mmoja alidhani ni sanduku la sadaka, akajaribu kutumbukiza noti.

Wakati huo ujumbe ukaja kutoka Nyanungu. Kaka yake Bhoke, Mzee Ryoba, alisema dada yake amekaa vya kutosha. Shemeji aje amwombe arudi, ama aje aseme hamtaki, watu wajue moja. Si utani kwetu jambo la namna hiyo. Mzee wa umri wa Mwita akikosa mke kwa kushindwa kwenda kumwomba, hakuna kikao kitakachomsikiliza tena, hata kama anacho kisanduku. Na juu ya hilo, alimtaka. Kila mtu wa Nyamwaga alijua, kwa sababu alikuwa akinywa chai ya kibandani asubuhi na jioni, na wanaume wa kwetu hawafanyi hivyo kwa kupenda.

Akaja kuniomba nimsindikize. Nikauliza mimi wa nini. Akasema nikawaeleze wakwe kuhusu mashine. Nilidhani anataka kuwaringia. Sivyo. Alikuwa amelifikiria lile tundu wiki nzima, akakubali kwamba si panya, na akafikia hitimisho lake: Bhoke amechoka kuvaa saa. Basi amemnunulia mashine, kazi hiyo imekwisha, anaweza kurudi. Alikuwa na furaha kama mtu aliyelipa faini. Nilimtazama nikaona kwamba nikimweleza ukweli hatanisikia, ni heri ausikie kule.

Tulikaa uani kwa Ryoba, kwenye viti vya plastiki. Salamu zikaisha, chai ikaletwa. Mwita akaweka kisanduku mezani, akaunganisha betri, taa ya bluu ikawaka, na saa ikaanza kuzunguka. Akaeleza kwamba anajua alipokosea. Kuanzia sasa Bhoke hatavaa tena saa yake. Kazi ile itafanywa na hiki.

Bhoke alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono wa kushoto ameuweka mapajani kama kitu cha kuazima. Ni mwanamke mwembamba, mpole wa sauti. Alikitazama kisanduku.

"Ikichoka," akauliza, "inakwenda kwao wapi?"

"Haichoki," Mwita akasema.

"Basi umepata, Baba Chacha."

Hapo ndipo Mwita alipoanza kuelewa kwamba mambo hayaendi vizuri. Akamuuliza sasa anataka nini. Bhoke akasema kuhusu saa hakuwa na neno, saa ilikuwa nyepesi kuliko vitu vyote alivyobeba katika mji ule. Akasema habari za bega. Lilianza kumuuma zamani, naye bado analima, anakamua, anateka maji na kusukasuka maziwa kwa mkono huohuo. "Nikamwambia bega linaniuma," akasema, akituangalia sisi. "Akaniuliza limeanza saa ngapi." Mwita akainamisha kichwa. Hakukataa.

Ryoba ni mtu wa mizaha mikavu, nadhani ndiyo maana tulielewana. Alikaa akitafuna kijiti, kisha akatoa hukumu. Hataki mbuzi wa faini, alisema, mbuzi anao. Shemeji avae saa yake. Akae nayo Nyamwaga bila kisanduku, na arudi hapa siku ambayo itakuwa inatembea kwa mkono wake mwenyewe. Na kwa kuwa shemeji ni mjanja, mwenye kusema kama ni mkono wake ama sio atakuwa fundi, huyu hapa, atakayeangalia mkanda. Wazee waliokuwepo wakafurahi sana. Bhoke akakusanya vikombe kwa mkono wa kulia.

Hivyo nikawa hakimu, cheo pekee nilichowahi kupewa. Na Mwita akaanza kufanya kama wote wanavyofanya. Mara ya kwanza alikuja saa inatembea vizuri, uso umejaa ushindi. Nikaugeuza mkanda. Hapakuwa na udongo wa shamba, hapakuwa na maziwa, palikuwa na vumbi jepesi la barabarani, jingi. Kijana wa bodaboda aliyemleta akanisalimia shikamoo mama, nikaitikia, kisha nikamuuliza, naye akasema bila hiana kwamba mzee amemkodi tangu jana, wanapita tu kwenye mashimo ya barabara, wanarudi, wanapita tena. Nikamrudisha Nyamwaga. Njia ni ileile, kwa hiyo saa ilijaa zaidi.

Mara ya pili alisikika akitikisa mkono chini ya meza kwenye kikao cha rika, kwa siku kadhaa, mpaka wenzake wakaingiwa na hofu na kumletea mwinjilisti amwombee. Aliombewa vizuri, kwa kuwekewa mikono, na hakusema kitu. Mkanda ulikuwa na alama ya kusuguana na mbao tu. Nikamwambia, Mzee Mwita, saa imejaa lakini meza ya kikao ndiyo iliyofanya kazi. Akakasirika. Akasema mimi ni mwanamke na nimeungana na mwanamke mwenzangu. Nikamwambia ni kweli mimi ni mwanamke, ila mkanda ni wa ngozi ya ng'ombe na hauna upande.

Baada ya hapo hakuonekana. Mahindi yakavunwa, mvua za vuli zikaanza. Nilidhani ameshindwa, na niliumia, kwa ajili ya Bhoke kwanza, halafu, sijui kwa nini, kwa ajili yake pia. Siku aliyokuja sikumtambua mpaka alipokaa. Mkanda ulikuwa umeingia tundu moja ndani. Ulinuka zizi. Maziwa yalikuwa yamegandia kwenye mishono, udongo mwekundu umeingia mpaka chini ya kishikizo, na ngozi yote imelegea kwa jasho. Saa ilikuwa inatembea.

"Yule ng'ombe mweusi anapiga teke kushoto," akaniambia. "Miaka yote hiyo Bhoke hakuwahi kuniambia."

"Uliwahi kumuuliza?"

Akafikiri. Akasema hapana.

Tukaenda Nyanungu. Wazee wakakaa, nikasimama mbele yao na kusema kile ambacho fundi anaweza kusema: saa ni nzima, inatembea, na imejazwa na mkono wa mwenyewe kwa kazi ya shamba na ya maziwa. Ryoba akaupitisha mkanda kwa wenzake, kila mmoja akaunusa, kila mmoja akatikisa kichwa kwa kukubali. Wakaanza kusema mambo ya usafiri, nani atabeba mizigo ya dada yao. Mwita alikuwa amekaa wima. Sikuwahi kumwona mtu akingoja hivyo.

Bhoke akatoka jikoni, mikono imelowa, bega limepona kiasi cha kuunyanyua mkono. Ryoba akamnyooshea saa aione. Hakuipokea. Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, akasema, "Saa mmeiona ninyi. Mimi nionyeshe mkono." Mwita akautoa. Bhoke akaushika, akaugeuza kiganja juu, akapitisha kidole gumba polepole kutoka upande mmoja hadi wa pili, akibonyeza. Mwita alikuwa anaangalia uso wa mkewe, si mkono.

"Haya ni malengelenge, Baba Chacha," akasema, kwa upole kabisa, akamrudishia mkono wake. "Yakishakuwa sugu, nitakuja."